Bendera Kati ya Askari Wawili

Kwetu kijijini Zidine, mvua ikishanyesha kwenye shamba lililolimwa, watu hawaangalii juu, wanaangalia chini. Udongo wetu ulikuwa mji wa Warumi, na Warumi wale, Mungu awarehemu, lazima walikuwa na mifuko iliyotoboka, maana hakuna nyumba hapa isiyo na sarafu zao ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Na hakuna nyumba isiyo na mjinga wake. Mjinga huyo akiokota sarafu nyeusi yenye ngozi ya kijani hukimbilia siki na majivu, anaisugua mpaka ing'ae kama kifungo cha koti, kisha anaipeleka makumbusho mjini, kifua mbele.

"Bibi Persida, leo nimekuletea ya maana!"

"Umeniletea kifungo," Persida alikuwa akimjibu. "Jana Kaisari huyu alikuwa na pua. Leo pua yake iko kwenye tambara lako. Nenda kaichukue."

Persida ninayemsema ni yule binti wa marehemu Sretko, wa nyumba ya mwisho kabla ya mizabibu. Alifanya kazi makumbusho mpaka akastaafu, na kazi yake ilikuwa hiyo tu: kukaa kwenye meza ya dirishani na kuwauliza Makaisari wa shaba, wewe nani, na wewe wa lini. Wale wa mwanzo walinyoa ndevu vizuri, na shaba yao nzito ya kujaza kiganja. Ndevu zilianza na Hadriano, na baada yake kila mmoja akafuga, mpaka Persida akawa anawaita mapadri, maana kwetu padri hanyoi. Wake zao aliwajua kwa nywele. Akiona namna kisogo kilivyosukwa anakwambia huyu ni mama na huyu ni binti, kama vile jana tu walikuwa saluni moja. Lakini kadiri dola ilivyozidi kuchoka ndivyo sarafu zilivyozidi kupungua, zikawa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na nyuso zote zikafanana. Hapo uso haukusaidii tena. Unageuza nyuma.

Nyuma ya zile za Konstantino na wanawe, nyingi utakuta askari wawili wamesimama wakitazamana, mikuki mkononi, na katikati yao bendera za jeshi. Bendera zikiwa mbili, sarafu hiyo ni ya miaka ile ya kuanzia mia tatu thelathini baada ya Kristo. Ikiwa moja, ni ya baadaye kidogo, baada ya mia tatu thelathini na tano, kwa sababu sarafu ilipunguzwa tena na bendera ya pili ikakosa pa kusimama. Persida alipenda sana kuwasimulia wageni jambo hilo. Dola kubwa namna ile, alikuwa akisema, ikakosa nafasi ya fimbo moja!

Na zile zilizolika kabisa, zisizo na uso wala herufi? Hizo makumbusho waliziita mabubu. Zilikuwa na sanduku lao chini ya meza, na hakuna aliyeziuliza kitu.

Sasa basi. Nyumbani kwao Persida ilikuwepo sarafu ya namna hiyo, ya askari wawili, na katika maisha yake yote ndiyo sarafu aliyotamani kuliko zote kuisema ni ya lini, na ndiyo aliyoshindwa. Si kwa kukosa elimu. Sarafu yenyewe haikuwepo.

Aliyeiokota ni kaka yake, Tihomir, sisi tukimwita Tika. Aliiokota kwenye mizabibu Persida akiwa bado mtoto wa kutembea peku akimfuata kaka yake kila mahali. Na Tika, mjinga wa nyumba yao siku hiyo, akaingia jikoni kwa mama, siki na majivu, sugua sugua, mpaka wale askari wakabaki wembamba kama watu waliofunga kwaresima bila kufungua. Baba yao Sretko akamzaba kofi moja la haki, kisha akaishika ile sarafu dirishani akaitazama. "Haya," akasema, "hii itakuwa ya mkate."

Mkate wa asubuhi ya Krismasi, kwetu, hufichwa sarafu ndani. Watu wa nyumba husimama kuuzunguka, kila mmoja anaushika, wanauzungusha, kisha kila mtu anavunja upande wake. Atakayepata sarafu, mwaka ni wake. Nyumba nyingine baba huikomboa palepale kwa zawadi na mambo yakaisha. Kwa Sretko haikuwa hivyo. Kwa Sretko aliyeipata alitembea nayo mfukoni mwaka mzima, na Krismasi ya pili alitakiwa airudishe yeye mwenyewe, iingie kwenye unga. Hakuna kumpa mtu, hakuna posta. Ni kwa mkono wako.

Krismasi ya mwisho nyumba ile ilipokuwa imejaa, aliyeipata ni Tika. Alikuwa na miaka ishirini na moja na barua ya jeshi ilikuwa njiani. Kabla haijafika, yeye akavuka mpaka kwa siri, akapanda meli, akaibukia Australia, akashuka mgodini. Asubuhi ya kuondoka, mama yao Darinka hakulia. Watu walishangaa. "Nilie nini?" akasema. "Ana sarafu mfukoni. Lazima arudi."

Hakurudi. Mwanzoni asingeweza, maana mtu aliyekimbia jeshi enzi zile alikuwa akishuka kwenye ndege anapokewa na polisi. Baadaye makosa hayo yakasamehewa, lakini nchi ikaanza kupasuka vipande, na nani anakwenda kutembelea vita? Baadaye tena mkewe akaugua ugonjwa wa muda mrefu. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Hicho ndicho kilichouma.

Na Mama Darinka kila Krismasi alikanda mkate, na sarafu nyingine hakutia. Walimshauri, mama tia hata dinari, mkate usio na sarafu una faida gani? Akagoma. "Sarafu ya nyumba hii ipo, iko safarini." Alichofanya ni hiki: akishaukanda mkate na kuuweka kwenye sinia, anapenyeza kidole gumba chini yake, anaacha shimo mahali pa sarafu. Unaokwa hivyo hivyo. Watu wanauzunguka, wanauvunja, na mmoja wao anapata shimo. Jirani yao Milunka, ambaye ulimi wake haujawahi kulala, alikuwa akisema, "Kwa Darinka huli mkate, unamtafuta Tika!" Wanacheka, na Darinka anacheka nao, kisha anakwenda kusimama kidogo uani.

Alipofariki, shimo likawa la kidole cha Persida.

Ile habari ya bendera ilianza Persida alipokuwa mgeni makumbusho. Alipofundishwa tofauti ya moja na mbili, alirudi nyumbani mbio. Baba, ile sarafu yetu ilikuwa na bendera ngapi? Moja, alisema Sretko. Mbili, alisema Darinka, wewe hukuwahi kuona vizuri. Wakagombana mpaka supu ikapoa. Yeye mwenyewe Persida akifumba macho aliwaona askari, aliona mikuki, lakini kati yao aliona ukungu. Basi Tika alipopiga simu posta, maana nyumbani simu haikuwepo, akamuuliza.

"Kaka, itoe mfukoni uitazame. Katikati ya wale askari, bendera ngapi?"

Alimsikia akipekua mfuko, na dakika za simu zile zilikuwa ghali. Kisha Tika akacheka. "Nikija utahesabu mwenyewe."

Persida akafurahi! Aliona amemfunga kaka yake kamba mguuni, kidogo kidogo atamvuta. Tangu hapo kila simu, wakishaulizana afya na mavuno, lazima aseme, "Haya, bendera ngapi?" na Tika lazima ajibu, "Nikija." Alimuuliza akiwa msichana, akamuuliza akiwa mke wa mtu, akamuuliza akiwa mjane. Mezani pake, kila sarafu ya askari wawili iliyopita mkononi, na zilipita nyingi mno, aliigeuza akajiuliza kama yetu ilikuwa hivi au vile. Alikuwa anamtaka kaka yake, jamani, sarafu ilikuwa kisingizio. Lakini mtu akikitumia kisingizio miaka mingi namna ile, nacho anakuja kukitaka kwelikweli.

Kisha yakaja maradhi ya macho. Mwanzoni alidhani lenzi yake imechafuka. Daktari akamwambia hapana, ni katikati ya jicho panakufa, pembeni patabaki kwa muda. Yaani akikutazama anaona masikio yako na kofia yako, lakini uso hauoni. Sarafu akiishika kwenye mwanga anaona herufi za ukingoni, na Kaisari katikati ni doa la kijivu. Alijifunza kuangalia upandeupande kama kuku, akiikwepesha sarafu ili picha iingie kwa pembeni. Kila mwaka pembeni hapo pakazidi kuwa padogo. Hofu yake ikawa moja, akaitamka waziwazi kwenye simu. "Kaka, njoo wakati bado naweza kuhesabu."

Vuli ile Tika akasema, "Nakuja Krismasi."

"Umewahi kusema hivyo," Persida akamjibu.

"Safari hii mke wangu amekwisha pumzika, Persa. Sina tena wa kumsingizia." Persa ndilo jina alilomwita tangu utotoni.

Milunka aliposikia alipiga makofi kwa kicheko. "Tika? Siku Tika akikanyaga hapa, mimi nitavaa shela!" Na Milunka wakati huo ana wajukuu wenye ndevu.

Mkesha ukaja, hakuna Tika. Ndege zimechelewa, theluji, nani ajue. Persida alitandaza nyasi kavu chini ya meza kama ilivyo desturi, akarusha kokwa za jozi kwenye pembe za chumba, moja kwa kila pembe, akalala na nguo zake. Asubuhi alikanda mkate. Mikono ilikuwa imezama kwenye unga mpaka viwikoni mlango ulipogongwa, na hakugeuka, maana mgeni wa kwanza wa Krismasi alikuwa ameshapangwa, kijana wa Milunka, ndiye anayekuja kila mwaka kupiga moto wa jiko kwa tawi la mwaloni mpaka cheche ziruke, na kuiombea nyumba heri.

"Ingia, ingia, mlango uko wazi! Piga moto, mimi mikono imejaa."

Mtu akaingia akikokota miguu. Akafungua jiko, akachukua tawi, akapiga. Cheche zikaruka. Na mtu yule akaanza kusema, polepole, kwa maneno ya kizamani ambayo vijana wa Milunka hawayajui tena: "Cheche ngapi, kondoo wangapi. Cheche ngapi, mizinga mingapi ya asali. Cheche ngapi, afya ngapi na furaha ngapi ndani ya nyumba hii." Hapo kwenye *nyumba hii* sauti ikakatika.

Persida aligeuka. Aliona kofia, aliona mabega ya koti, aliona kando ya shavu. Uso haukuwepo.

"Kristo amezaliwa," akasema mtu yule.

"Kweli amezaliwa," akajibu Persida. "Tika? Sema tena kitu. Sikuoni, sema tena kitu."

"Niseme nini, mjinga wewe? Nimefika."

Walishikana pale pale mbele ya jiko, unga ukamjaa Tika mpaka kwenye nyusi. Milunka aliyekuwa amefuata nyuma na mwanawe alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza kwa kumbukumbu za watu wa Zidine, hakusema neno. Alimrudisha mwanawe nyumbani, mgeni wa kwanza ameshapatikana. Yeye mwenyewe akaketi.

"Shela iko wapi?" Persida akamuuliza huku analia.

"Nyamaza huko, kausha machozi, unga unakungoja," akasema Milunka, naye anafuta yake.

Tika hakuwa amevua koti. Persida akanyoosha kiganja chenye unga. "Haya. Toa."

"Tule kwanza."

"Mkate haujaokwa, tutakula nini? Toa, Tika. Karibu nusu karne nakuuliza."

Aliingiza mkono mfukoni, si mfuko wa koti, ule wa ndani wa suruali, akaitoa, akaiweka kiganjani mwake. Ilikuwa ya moto kwa joto la mwili wake. Persida alikwenda nayo dirishani, karibu akimbie. Alipangusa unga kwa aproni. Akainamisha kichwa kama kuku, akaikwepesha kushoto, akaikwepesha kulia, akaigeuza. Akaisogeza karibu mpaka ikagusa kope. Walimsikia anahema.

"Lenzi," akasema. Milunka akampa lenzi. Akatazama tena.

"Umechelewa, kaka," akasema, akaiweka lenzi chini. "Yamekwisha. Juzi bado nilikuwa naona herufi za pembeni. Leo sioni hata herufi. Yamekwisha kabisa, sioni kitu."

Tika alikuwa amesimama na kofia mikononi, anaizungusha. Angeweza kunyamaza. Nasema hivyo kwa sababu mimi, kwa aibu ile, labda ningenyamaza.

"Siyo macho yako, Persa," akasema.

"Ni nini?"

"Hakuna kitu hapo. Hakuna askari, hakuna Kaisari. Ni bubu. Si ndivyo mnavyoziita?"

Akaeleza huku anatazama sakafu. Siku ile ya kwanza alipomuuliza bendera ngapi, aliitoa akaitazama pale pale kwenye simu. Ilikuwa imekwisha chakaa, maana mgodini, chini kule, alikuwa na tabia ya kuisugua kwa kidole gumba kila akikumbuka nyumbani, na nyumbani alikuwa akipakumbuka muda wote. Askari aliwaona, kama kivuli. Bendera hakuwa na hakika. Akasema atamfurahisha dada yake, ataitazama vizuri. Basi jioni ile akatafuta siki.

"Na majivu?" Persida akauliza.

"Na majivu."

Milunka akajishika kichwa. "Ee Mungu, mtu anavuka bahari na ujinga wa Zidine mfukoni!"

"Nilipoipangusa, askari walikuwa wameondoka wote wawili," akasema Tika. "Na wewe kila simu, bendera ngapi, bendera ngapi. Ningekujibu nini? Kuna miaka nilikuwa na nauli, Persa. Nilikuwa na nauli na ruhusa ya kazi, nikasema nitakwenda na nini? Yeye ananingoja nije na bendera zake, mimi naenda na kifungo. Nikaona bora anidai kuliko ajue."

Kamba ambayo Persida alidhani anamvutia kaka yake, kumbe ndiyo iliyomfunga kule kule. Alisikia uchungu kwa ile miaka yenye nauli, kwa mama aliyekuwa akienda kusimama uani. Angeweza kumtukana, na alikuwa na haki. Badala yake akaipitishia sarafu kidole. Katikati ilikuwa imebonyea, shimo laini, refu kidogo, limelalia upande. Akaukamata mkono wa Tika, akaukunjua, akaweka kidole gumba cha kaka yake juu ya sarafu. Kikaketi pale sawasawa.

"Hii nimeitambua," akasema. "Lete sinia."

Akaubonyeza unga kwa chini, pale pale pa siku zote, na safari hii shimo likapata cha kulijaza.

Mkate ulitoka jikoni umeiva hudhurungi, nyumba nzima ikanukia. Wakasimama watatu, wakaushika, wakauzungusha. Persida vidole vyake vilikuwa chini ya mkate, na vidole vyake, baada ya kazi ile ya maisha, havihitaji macho. Alilisikia lile gumu ndani ya unga. Lilikuwa upande wake. Lilikuwa chini ya mkono wake kabisa, sarafu aliyoililia tangu ujana, na kilichobaki ni kuvunja tu.

"Zungusheni tena," akasema.

"Tumeshazungusha!" akasema Milunka.

"Zungusha, mama, mkate wa nani huu?"

Wakazungusha. Alipousimamisha, akasema haya, na wakavunja wote mara moja, mvuke ukawapanda usoni. Tika akabaki ametazama kipande chake. Ndani yake, ya moto, imelala sarafu.

"Persa. Umefanya nini?"

"Mimi? Mimi sioni."

"Hii nimekuletea wewe. Niliirudisha ikae. Watoto wangu wako kule, mwezi ukiisha naondoka, nina miaka sabini na moja..."

"Sheria ya nyumba hii unaijua," akasema Persida. Alikwisha kuchukua kisu, anapapasa nyama ya kuoka atafute pa kuanzia. "Krismasi ijayo, kwa mkono wako mwenyewe. Na siki usiiguse."